Kabla Salamu Hazijaisha

Mtaani walimwita Bwana Mito, na mgeni asiyemjua alidhani mzee huyu ana habari za maji. Kuna siku alikuja mtu wa idara ya maji, amevaa mabuti ya mpira mpaka magotini, akitaka kuambiwa ni mto upi hufurika kwanza. Bwana Mito akamkaribisha ndani, akamwonyesha mito kumi na minne iliyopangwa ukutani. "Hii yote haijawahi kufurika," akamwambia, "ila huu wa pembeni umefumuka kidogo." Yule mtu alicheka mpaka akakaa chini, na alipoondoka aliondoka na miwili.

Kazi yake ilikuwa kushona mito ya kulalia na kuijaza sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi ambayo ukipiga chafya inahamia chumba cha pili. Alifundishwa na shangazi yake, na shangazi alikuwa na sharti moja tu: mto hautoki nyumbani kabla aliyeushona hajaulalia. Basi Bwana Mito alilala kazini kihalali miaka thelathini. Akimaliza mto hujinyoosha sakafuni, akafumba macho, na kwa robo saa hivi hayupo. Cherehani imenyamaza, sufi inaelea juu yake kwenye mwanga wa dirisha, inapanda, inashuka, haina haraka ya kufika popote. Aliamini kwamba kila mto una ndoto yake ya kwanza, na hiyo ni ya fundi. Zinazofuata ni za mnunuzi.

Siku hizi ndoto ilikuwa moja, mto uwe wa bwana harusi au wa mtoto mchanga. Alimwona binti yake amefumbua mdomo, anataka kusema neno, na neno halitoki.

Haikuhitaji kutafutiwa maana. Ndivyo alivyomwona kila Jumapili alasiri kwenye kioo cha kompyuta. Binti alikuwa nchi ya mbali, mwaka wa sita sasa, na alipoondoka aliwaachia kompyuta yake ya mezani, akaiweka chumba cha kazi, maana ndicho chenye soketi isiyocheza. Mwezi mmoja nyuma alimpigia baba yake simu. "Baba, nina jambo," alisema. "Lakini si la kwenye simu. Nataka niwaone nyuso, wewe na mama, mkilisikia." Jumapili tatu zikapita jambo halijasemwa, na kisa ni salamu.

Maana hakuna mtu mwenye adabu zake anayeingia kwenye jambo hivi hivi. Binti atawaamkia wazazi wake, ataitikiwa, ataulizwa habari za huko, za kazi, za usingizi, za lile jino. Naye atauliza za mgongo wa baba, za macho ya mama, za jirani wa kushoto na mkwewe, za jirani wa kulia ambaye hana mkwe ila ana kuku. Salamu zikikaribia ukingoni, boksi la kompyuta chini ya meza linaanza kuvuma. Linavuma kwa hasira, linawapulizia miguu hewa ya moto, na binti anasema, "Sasa, baba, lile jambo..." Hapo anaganda. Mdomo wazi, mkono hewani, jicho moja nusu.

"Imeganda tena," mkewe alisema mara ya kwanza.

"Kitu cha moto kinagandaje?" Bwana Mito aliuliza, na lilimkera kweli swali hilo. Kwa akili yake moto huyeyusha.

Jumapili ya tatu waliamua kuruka salamu. Binti alipotokea tu, baba akasema, "Haya, sema, mwanangu." Binti akaruka kwenye kiti. "Nani amekufa?" Muda wote ukaishia kumhakikishia kwamba hakuna aliyekufa, wakimtajia ndugu mmoja baada ya mwingine, na walipofika kwa binamu wa mwisho kompyuta ikaganda, ikawaachia uso wa mtoto wao katikati ya kilio.

Bwana Mito alijaribu ujuzi wake. Alifungua madirisha yote, upepo ukaingia, sufi ikaruka kama imeitwa. Akalifunika boksi taulo lenye maji, kama mtu anavyomkanda mgonjwa wa homa, na mkewe alipoliona alilivuta kwa nguvu ambazo hakujua bado anazo. "Utatulipua, mume wangu! Mwite mwenye kazi yake."

Mwenye kazi yake alikuja Jumatano, mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Aliiwasha kompyuta, akakaa, akaweka kiganja mgongoni mwa boksi.

"Inaganda baada ya muda gani?"

"Baada ya salamu," Bwana Mito alijibu.

"Salamu ni dakika ngapi, mzee wangu?"

"Inategemea kuku wa jirani wanaendeleaje."

Fundi alimtazama juu ya miwani, akasubiri. Feni ilianza kulia, kisha ikawa inakwaruza, kisha picha ikasimama. Akazima, akachomoa waya, akafungua ubavu wa boksi, akachungulia ndani. "Mzee," alisema hatimaye, "humu umeshona mto."

Sufi ya miaka sita ilikuwa imelala humo. Ilikuwa imeingia chembe kwa chembe, ikajishindilia kwenye feni na kwenye vile vyuma vyembamba vya kutolea joto, ikawa kitu kizima, laini, cheupe, chenye pembe nne. Fundi alieleza kwamba kichwa cha mashine kinapofikiria kinachemka, na kisipopata hewa kinaacha kufikiria ili kisiungue. Akaitoa sufi kwa kibano, akapuliza, akapiga brashi, akafuta dawa ya zamani ya kupitisha joto iliyokauka juu ya kile kichwa, akapaka mpya. Feni ikazunguka bila kelele. "Ila ukiendelea kujaza mito humu chumbani," akasema, "hata mwezi sina hakika itamaliza."

Bwana Mito alibaki na kile kimto mkononi. Aliona aibu. Kumbe ni yeye, kwa kazi yake mwenyewe, aliyemziba mtoto wake mdomo. Halafu chini ya aibu akakuta kitu kingine, akakitambua: alikuwa ameona nafuu. Hakutaka kulisikia hilo jambo. Alilijua. Zamani binti aliuliza, "Nyumbani hawajambo?" Tangu mwaka jana huuliza, "Huko hawajambo?" Mkewe hakuwa ameliona neno hilo, au aliliona akanyamaza. Na chumba cha binti kilikuwa vile vile, kinafagiwa, na kila mwaka baba aliufumua mto wake, akaujaza sufi mpya, akaulalia kidogo kwa niaba yake.

Jumamosi alikuwa na mito minne ya watu. Aliburuta gunia la sufi mpaka penye kiti chake, kando ya kompyuta, akafungua kamba. Gunia lilikuwa limejaa. Kulikung'uta mara moja tu, kama kwa bahati mbaya, kungetosha kuliziba tena boksi, na nani angemlaumu? Alisimama na lile gunia muda ambao maji ya chai yalichemka jikoni mpaka yakakauka. Kisha akalikaza kamba, akalibeba, akarudi kuchukua cherehani, akarudi kuchukua kiti, akafanyia kazi barazani kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini. Sufi iliruka barabarani ikawakaa wapita njia kwenye nywele. Wengi hawakujua wamebeba nini.

Jumapili walikaa. Wakaamkiwa, wakaitika. Kazi nzuri, jino limepona, mgongo hivyo hivyo. Jirani wa kushoto, jirani wa kulia. Boksi chini ya meza lilikuwa baridi. Salamu zikapungua, zikawa chache, na Bwana Mito akajisikia anauliza habari za baridi ya huko, kisha za barabara, kisha za paka wa mwenye nyumba wa binti, paka ambaye hakuwahi kumjali.

Mkewe akamwekea mkono gotini. "Mume wangu," alisema taratibu, "salamu zimekwisha."

Binti alivuta pumzi. "Baba. Mama. Sirudi. Nitakuja kuwaona, kila nikiweza nitakuja. Lakini kwangu sasa ni huku."

Mama aliinamisha kichwa, akakitikisa polepole, kama anayejibiwa alichouliza zamani. Mkono wa baba ulikuwa juu ya meza na ukabaki pale, mdomo umefunguka kidogo, macho hayapepesi. Chembe moja ya sufi iliyosahaulika ilipita mbele ya kioo, ikashuka.

Huko mbali binti alisogea karibu na kioo chake, akagonga kitu, akainua sauti. "Baba? Baba, mmeganda?"

"Hapana, mwanangu," alisema Bwana Mito. "Tupo. Endelea."