Kuku wa Shosho Waliopigwa Video Ruiru

Nichekeni, lakini polepole. Tata Njeri, dadake mamangu, yuko Ujerumani. Juzi alikuwa kwa mafunzo ya uongozi na Wakenya wenzake wa huko, wajue kusaidia nyumbani. Kila mmoja angeonyesha video ya kwao, halafu wachague mahali pamoja pa kuchimba kisima. Akaniomba video ya kwa shosho, mama yao, kule kijijini Ngoliba.

"Nataka tu kumsikia akiita kuku, Wambui. Vile alikuwa anatuita na sisi."

Nilizikumbuka likizo zetu za utotoni kwake: vumbi hadi magotini, shosho akiita "kuru kuru kuru," na sisi tukifika kwa sufuria ya githeri kabla ya kuku. Lakini Ngoliba ni mbali, na mimi uvivu nimehitimu. Nikapiga video kuku wa jirani hapa Ruiru, nikawaita kwa sauti ya shosho.

Siku ya mafunzo waliniunganisha kwa simu, wakaiweka video yangu. Tata alilia. Wenzake wakalia. Hata mimi karibu nilie, vile nilikuwa nimeweza kumwiga.

Kisha, nyuma ya kuku, treni ikapiga honi.

Tata akapangusa macho.

"Wambui, kumbe Ngoliba treni imefika kabla ya maji?"