Kila Chungu na Mahali Pake

Harufu ya mabibo yaliyolala chini ya mikorosho mpaka yakaanza kuchacha hunirudisha Mpapura moja kwa moja, popote nilipo. Ni harufu tamu yenye ukali ndani yake, na kila Desemba, miaka ile ya tisini, ilijaa kijiji kizima, ikaingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye maji ya kunywa. Likizo ndefu ikifika, mama alifunga nyumba yetu ya Ufukoni, mjini Mtwara, tukaenda kwa dada yake, Mama Mkubwa Somoe, kuokota korosho. Mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ni ule ambao Mama Mkubwa hakwenda shambani. Presha ya macho ilikuwa imemmaliza, na hospitalini walishamwambia kwamba mwanga uliokwenda haurudi. Alikuwa mjane, akiishi peke yake katika nyumba ya udongo aliyoijenga na marehemu mume wake. Alinipokea kwa kunipapasa uso, akasema nimenenepa, kisha akanitengea wali wa nazi na kisamvu alivyopika mwenyewe. Nilikula kwa mashaka, nikitafuta mchanga au chumvi iliyozidi. Sikupata hata kimoja, nikaongezewa.

Nilidhani kupika bila kuona ni miujiza, lakini nilipokaa naye jikoni nikaona si miujiza hata kidogo. Alikaa kwenye kibao chake kifupi, na kila alichokihitaji kilikuwa pale mkono ulipokitegemea. Chumvi ilikuwa kwenye kifuu upande wa kushoto, mwiko juu ya ukingo wa ukuta, nazi kwenye ungo nyuma yake. Mkono wake ulikwenda na kurudi bila kupapasa, nami nilimtazama kwa raha kama watu wanavyomtazama mpiga ngoma. Taabu ilianza wageni walipokuja. Kwetu mwanamke mwenye adabu hawezi kula kwa mwenzake akanyanyuka akaondoka hivihivi. Lazima aoshe vyombo, afagie, apange. Basi majirani wakirudi shambani walipita kumjulia hali, wakaosha, wakapanga kila mmoja kwa mtindo wa jikoni kwake, wakaaga kwa dua. Nyuma yao Mama Mkubwa alibaki akitafuta kisu chake mpaka maharage yakaungua. Mama aliwaomba wasiguse kitu. Waliitikia vizuri kabisa, na jioni mikono yao ikafanya yaleyale, kwa sababu mikono haikuwa imeambiwa.

Siku moja jirani aliyesaidia kuinjika maji akakitua chungu kikiwa cha moto mahali panapokaa kapu la viazi. Mama Mkubwa alinyoosha mkono kuchukua kiazi, akaunguza kiganja chote. Habari zilimfikia Mjomba Bakari, mdogo wao wa kiume, naye akaja siku ileile kutoa uamuzi. Korosho zikiisha angeleta gari, dada yake ahamie kwetu Ufukoni, akae mkekani apikiwe. Aliyasema hayo kwa upendo mtupu, macho yamemjaa machozi, na hata mama alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Mama Mkubwa alikaa na kiganja chake kilichopakwa asali. Nilimwogopea. Mtu aliyepika tangu utoto wake, leo akaambiwa kazi yake ni kungoja sahani, nilihisi kama anazikwa tukimtazama. Mjomba alipoondoka ndipo Mama Mkubwa alipomgeukia mama.

"Mie sipotei kwa kutoona, mdogo wangu. Napotezwa na wanaoona."

Kesho yake hatukwenda kuokota korosho. Tulikwenda kubomoa kichuguu, kwa sababu udongo wake ukikauka haumeguki upesi, tukausomba kwa ndoo, tukaukanda kwa miguu mpaka ukawa laini kama ugali. Jikoni tukajenga kibaraza kirefu kinachofuata ukuta. Mama, mtu wa ofisini aliyependa vitu vinyooke, akataka vyungu vipangwe kutoka kidogo kwenda kikubwa. Mama Mkubwa akacheka, akamwambia mpango huo ni wa kutazama, na yeye anataka wa kushika. Akakaa kwenye kibao chake, akaunyoosha mkono kama anayepika, na pale mkono ulipotua ndipo tulipokididimiza chungu kwenye udongo mbichi. Tulipokinyanyua kiliacha shimo la umbo la tako lake. Chungu cha wali kikapata lake, cha mboga lake, mtungi lake, na hakuna chungu kilichoweza kukaa kwenye shimo la mwenzake bila kulala upande au kuzama. Kisu kikapata mfuko wa mwanzi usioingia kitu kingine. Chupa ya mafuta ya taa ikafungwa kwa waya kwenye mwimo wa mlango, nje, isichanganywe na ya kupikia; ukiitaka uifuate na taa yako. Nilikuwa na udongo mpaka kwenye masikio, na sikuelewa kwamba vitu vyote hivyo tulikuwa tunawatengenezea wageni.

Mjomba alikuja na gari kama alivyoahidi, pamoja na mkewe. Walipakuliwa wali na samaki wa nazi, wakala wakasifu, lakini Mjomba aliendelea kutazama mizigo gani itangulie. Mkewe, kwa adabu zake, hakukubali kukaa. Aliosha vyombo vyote akavibeba kwenda jikoni. Nilinyanyuka nimfuate nikamwelekeze, mama akanivuta gauni.

"Muache."

Tulichungulia mlangoni, Mjomba naye nyuma yetu. Mkewe alikiweka chungu cha mboga kwenye shimo la kwanza, kikalala. Akakiweka kwenye la pili, kikazama mpaka shingoni. La tatu kikakaa kimya, naye akaendelea na kingine huku akiimba kidogo, bila kujua kwamba amefundishwa. Alipomaliza, Mama Mkubwa aliingia kuchemsha chai. Akakaa, akanyoosha mkono ule wenye kovu, akakikamata chungu anachokitaka. Mjomba alijikohoza.

"Dada, gari litabeba korosho."

Mama Mkubwa Somoe aliishi kwenye nyumba ile mpaka alipofariki, akipika. Mimi sasa natengeneza tovuti, kazi ya kuamua kitufe kikae wapi ili mtu asiyenijua akipate bila kuniuliza, na katika vikao vyetu vyenye chati na rangi bado sijaona kazi inayokifikia kibaraza kile. Ninachomstahia Mama Mkubwa zaidi ni kwamba hakujilaumu. Watu wakipotea kwenye kurasa zetu hudhani ujinga ni wao. Mwaka jana mama alinyamaza siku kadhaa, nikapiga simu haipokelewi, nikapanda basi mpaka Mtwara roho mkononi. Nikamkuta mzima, ana aibu. Simu niliyomnunulia ilijisasisha yenyewe, alama zote zikahama, hakujua pa kupokelea wala pa kupigia. Akaniomba radhi kwa kuiharibu. Yeye, aliyekanda udongo wa kichuguu, ananiomba radhi mimi. Niliiweka simu mkononi mwake, nikauzuia mkono wangu usimwonyeshe kitu, nikamuuliza angependa jina langu likae wapi. Alifikiri, akaishika kama anavyoishika akiwa amejilaza, akagusa chini kabisa, kwenye kona, mahali ambapo mimi nisingepachagua hata siku moja.

"Hapa. Ndipo dole gumba linapolala."

Nikaliweka hapo. Jioni ile, nikiwa bado chumba cha pili, simu yangu ikaita.