Kaa Aliyeshiba Kabla ya Jaribio

Nilianza kazi ya ulezi wa kaa nikiwa Kidato cha Tatu. Mwalimu wa Baiolojia alinikabidhi beseni la bluu, kaa mmoja aliyetolewa mtoni Daraja Mbili, na amri moja: "Akifa, ripoti utaandika wewe." Kaa tukamwita Lazaro, kwa tahadhari.

Vijana mnaokuja nyuma yangu, kazi ilikuwa hivi. Kaa hunusa kwa vipapasi viwili vifupi vilivyo karibu na macho. Akipata harufu, huvichezesha harakaharaka. Habari hupelekwa sehemu ya ubongo inayoshughulikia harufu, ambako kuna seli chache za neva zenye kemikali iitwayo serotonini. Ni chache, ila matawi yake yanafika kila kona, kama umbea wa mtaani Kaloleni.

Seli hizo niliziona kwa hadubini tuliyoazimwa na Daktari, mtafiti kutoka chuo kikuu. Sharti lake: akirudi, tumwonyeshe jaribio la harufu lililofanywa sawasawa. Tukishindwa, anaondoka na hadubini. Ya shule ilikuwa na ukungu tangu enzi za babu.

Kabla ya jaribio, kaa halishwi kwa siku mbili, ili awe na njaa. Sasa, kwetu mlimani Meru ng'ombe wa zizini hulishwa kabla mtu hajanywa chai. Siku ya Daktari niliamka hivyo, nikampa Lazaro dagaa, nikanywa chai yangu.

Daktari akadondosha maji ya dagaa kwenye beseni. Lazaro akatulia kama mgeni rasmi.

"Huyu hanusi?" Daktari akauliza.

"Labda ana mafua," akasema Neema wa Kidato cha Pili.

"Nyamaza wewe!" Mwalimu akamkatiza.

Daktari akavuta boksi la hadubini.

"Shikamoo, Daktari," nikasema, ingawa tulishasalimiana. "Ameshiba. Nimemlisha asubuhi."

"Nilisema siku mbili!" Mwalimu akafoka.

"Ndiyo, Mwalimu, ila kwetu ng'ombe..."

"Huyu ni ng'ombe?"

Daktari akarudisha boksi chini. "Ungenyamaza, ningeandika uongo," akaniambia. Yeye alikuwa akichunguza hasa hilo: kama serotonini hubadilisha namna mnyama mwenye njaa anavyopokea harufu. Hadubini ikabaki. Mimi nikastaafishwa palepale, nikiwa na miaka kumi na saba.

Kazi alirithi Neema. Juzi asubuhi, siku ya jaribio jingine, nilipita maabara kumpa wosia: asimlishe kwanza.

"Nimekusikia, mzee," alisema, mkono mmoja kauficha nyuma.

Nilikuwa sijanywa chai. Harufu ya dagaa niliisikia tangu mlangoni.