Baba Mkwe Anaziba Nyufa, Mimi Nimeambiwa Ninyamaze

Admin, nakuomba ufiche jina langu kabisa, maana ndugu wa mume wangu wanausoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, Mnyarwanda niliyekulia Bukoba. Nimeolewa hapa Kigali, nina watoto wawili, mkubwa ni binti anaitwa Keza. Mume wangu anaendesha malori ya Dar es Salaam, kwa hiyo nyumbani tunabaki mimi, watoto na baba mkwe. Tunaishi Muhima, maduka chini, sisi juu, kwenye nyumba ya zamani ya matofali na vigae aliyoijenga baba yake baba mkwe. Zamani mtaa wote ulikuwa na nyumba za namna hiyo. Zimebomolewa moja moja, na sasa yetu imebaki peke yake katikati ya maghorofa ya vioo. Wageni wanasimama kuipiga picha. Mimi naogopa hata kuegemea ukuta wake.

Hofu yangu ilianza walipobomoa nyumba ya jirani na kuchimba shimo la msingi wa jengo jipya. Mashine ikinguruma, vikombe vinagongana kabatini. Mlango wa chumba cha watoto ukaanza kukwama. Baba mkwe akasema ni unyevu wa mvua, nikamwamini.

Siku moja nikasogeza kabati la watoto ili nifagie. Nyuma yake kulikuwa na ufa kutoka sakafuni hadi darini, kiganja changu kikaingia. Sehemu nyingine zilikuwa zimesiribwa saruji ambayo haijakauka. Kumbe kuna mtu anauziba kwa siri!

Nikamfuata barazani. "Baba, ule ufa umeuona?"

Hakushtuka. "Niliuona zamani, mbele wewe uuone, mukazana wangu," akasema, ndivyo anavyoniita mimi mke wa mwanawe. "Hapana ambia mutu."

"Watoto wanalala pale, baba!"

"Ukisema, watu ya serikali watakuja kuandika TOWA ku ukuta, na rangi nyekundu. Wakiandika hiyo, wanabomoa, nyumba imekwisha." Akaupapasa ukuta. "Wakati nilirudi kutoka Congo, nilitafuta watu yetu. Sikupata hata mutu moja. Iko hii nyumba tu iliningojea."

Alimaanisha mauaji ya mwaka tisini na nne. Katika nchi hii maneno kama hayo hayahitaji maelezo.

Nikampigia mume wangu, nikitegemea atanielewa. Akafoka, "Mama Keza, usithubutu kuripoti! Mzee akitolewa mle atakufa. Akifa kwa ajili yako, usinihesabu tena kuwa mume wako." Akakata simu.

Basi, mchana mmoja baada ya mvua kubwa nikasikia kishindo. Nilikimbilia chumba cha watoto nikakuta kipande cha ukuta kimeanguka juu ya kitanda cha Keza, pale pale anapoweka kichwa. Nilikuwa nimemtuma sabuni dukani. Nikakaa sakafuni kando ya kitanda.

Jioni ile ile niliwapeleka watoto kwa dada yangu anayeishi Gikondo. Nilimpigia baba mkwe magoti aje nasi, akashika fremu ya mlango akasema atatoka akiwa maiti. Kisha akayazoa yale matofali mwenyewe, akayatia kwenye gunia ili wapangaji wa chini wasiyaone.

Juzi nilikuwa nimempelekea chakula, akaja kiongozi wa mtaa kuuliza hali ya nyumba zinazopakana na shimo. Aliishia kwenye ngazi. "Mzee, huko juu kuko salama?"

"Iko salama kabisa," baba mkwe akajibu. "Uliza mukazana."

Wote wawili wakanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa tu. Kiongozi akashukuru, akaenda zake.

Tangu hapo silali usiku. Simu ikiita nahisi ndiyo habari kwamba nyumba imemwangukia mzee. Nikipumua kwa nguvu ndani ya nyumba ile najiona kama naisukuma.

Sasa hivi ninapoandika haya nimesimama ng'ambo ya barabara na mvua imeanza. Wapita njia wanakimbilia kujikinga chini ya baraza yetu ya juu. Nawaona wanafunzi, namwona mama mwenye mtoto mgongoni amejibanza ukutani kabisa, upande ule ule wa ufa. Nimewapungia mkono watoke, wamenicheka, wanadhani nawasalimia. Na juu dirishani baba mkwe ananitazama.

Ndugu zangu, ndoa yangu naipenda, na yule mzee amenilea kama binti yake. Namba ya kiongozi wa mtaa iko hapa kwenye simu na kidole kiko juu yake. Mngekuwa ninyi, mngepiga? Nijibuni upesi, mvua inazidi.