Duara la Chaki

Fundi hakusoma. Shule aliiacha darasa la pili, na mpaka leo jina lake analiandika polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini mpelekee gauni alilokushonea miaka kumi iliyopita; atalipindua nje ndani akwambie kila kipande kilikatwa wapi. "Kichwa changu kina madaftari," husema, na ole wako ubishe.

Binti yake, Nukta, alisoma kwa niaba ya wote wawili. Walimwita hivyo kwa udogo wake, akakua, jina likagoma kutoka. Kazi yake ni ya kompyuta: anatunza programu inayochukua maandishi ya wanaoandika programu na kuyageuza kuwa amri za mashine. Nukta ndiye anayehakikisha kila amri inakumbuka mstari ilikotoka, ili kitu kikiharibika, mtu ajue pa kutafuta.

Asubuhi ile alikaa chini kando ya cherehani, kompyuta mapajani, chai imepoa.

"Una nini wewe? Uso kama umemeza pini."

"Mama, kazi yangu ya miezi minane wanaiondoa leo saa sita. Mwenzangu ametafuta kasoro siku tatu kwenye mstari wa arobaini, kwa sababu alama zangu zilimwambia iko hapo. Kumbe mashine haikuupitia mstari huo hata mara moja."

"Umedanganya?"

"Sijadanganya! Hakuna amri yangu hata moja isiyo na mstari wake." Machozi yakamlengalenga. Hilo ndilo alilojivunia kuliko yote.

Fundi akatoa mguu kwenye cherehani. Nusu ya maneno yale hakuyaelewa, ila mkaidi alimjua akimwona, alimzaa mwenyewe.

"Hiyo amri iliyompoteza mwenzio, ilikuwa moja tangu mwanzo?"

"Hapana, zilikuwa mbili. Mashine hupita njia moja au nyingine: huku kuna mstari wa arobaini, kule wa hamsini na tano. Amri zenyewe zilifanana, zikaunganishwa."

"Ukaipa mstari upi?"

"Wa kwanza. Si lazima iwe nao?"

"Nani kasema?" Fundi akavuta kapu, akatandaza vipande vya gauni magotini. Cha mbele kilikuwa na mchirizi mmoja wa chaki, cha nyuma miwili. Kisha akatoa kola, iliyoungwa kwa mabaki ya pande zote mbili. Hiyo ilikuwa na duara. "Hii nikiipiga mchirizi mmoja, nimesingizia. Duara maana yake ni ya gauni hili, upande usiniulize."

Nukta akapitisha kidole juu ya duara.

"Sifuri," akasema.

"Nini tena?"

"Mstari sifuri, Mama. Upo. Unasema amri ni ya sehemu hii ya programu, mstari wake haujulikani. Mimi nilikuwa naona aibu kuutumia."

"Aibu ni kusema unajua."

Vidole vikaanza kukimbia. Fundi, ambaye hata mgeni hamsimamishii cherehani, alikaa mikono mapajani, hata uzi hakukata. Saa sita haijagonga, kazi ikatumwa. Wakangoja. Jibu la mwenzake, Nukta alilisoma kwa sauti: "Sasa inakiri haijui. Nimefuata njia zote mbili, kasoro nimeikuta hamsini na tano. Bosi kasema kazi yako ibaki."

Nukta akalaza kichwa kwenye goti la mama yake, juu ya pini na kila kitu.

"Miaka yote ya shule, Mama."

"Kuja kujifunza duara langu. Madaftari si nilikwambia?"

"Na mimi je? Shangazi anasema mimi ni baba mtupu. Wewe unasema ni wewe mtupu. Alama yangu ipi?"

Fundi akaokota chaki, akamfungua kiganja, akamchorea duara dogo, taratibu kuliko anavyoandika jina lake.

"Wa gauni hili," akasema. "Haya, ondoka hapo, nishone."