Mjomba Alinyoosha Mkono wa Mama kwa Siku Moja

Jina langu lisitokee, na majina nitakayotaja si yenyewe. Nina miaka 41, nimeachika, naishi na mama yangu na binti yangu kijiji kimoja upande wa Mnyambe, Newala. Tunalima mihogo na tuna mikorosho yetu. Mama alipata kiharusi mwaka jana. Mguu ulirudi kiasi, maneno yanatoka kwa kukatika, lakini mkono wa kushoto ulijikunja kifuani na vidole vikafunga ngumi. Ngumi haikufunguka hata usingizini.

Ambaye hajauguza mkono wa namna hiyo hajui. Kucha zilikuwa zinaingia kwenye nyama ya kiganja. Ndani mlikuwa mweupe, mna majimaji, na harufu yake ni ya mabibo yaliyooza juani. Ndugu waliokuja kumjulia hali walikaa mlangoni, kanga puani.

Hospitali huko Masasi, dada wa mazoezi ya viungo alituazima kifaa. Ni bamba la plastiki linalolala chini ya mkono mpaka kwenye vidole, lina mikanda na kitufe cha kuzungusha pembeni. Ukizungusha, bamba linanyooka na mkono unalifuata.

"Mama Mwajuma, usikimbize," aliniambia. "Zungusha kidogo, uache mkono uzoee, kaa nao. Akikunja uso, rudisha nyuma. Hakitamrudishia nguvu, nisikudanganye. Ila kiganja kitafunguka, utakiosha, na mkono hautakakamaa moja kwa moja."

Nilifanya hivyo kila siku. Mama amekaa mkekani, mimi nabangua korosho pembeni yake, tunasikiliza redio. Taratibu vidole vililegea. Siku niliyoweza kuingiza kitambaa chenye sabuni mpaka katikati ya kiganja, mama alicheka. Nilimkata kucha zote. Kidonda kikakauka, harufu ikaisha.

Kisha ikafika siku ya kumtoa binti yangu unyagoni. Kwetu bibi mzaa mama ndiye anayempaka mwali unga wa mtama kichwani, kwa mikono yote miwili, viganja wazi. Na kwetu mwenye ukoo ni mjomba. Kaka mkubwa wa mama ndiye aliyesimamia shughuli nzima. Asubuhi hiyo alikuja akakiangalia kile kifaa.

"Hiki kidude kinaendaga mpaka wapi?"

"Hakipelekwi mpaka mwisho, Mjomba. Kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo na mwali anatoka leo? Watu watasema bibi kamfumbia mjukuu baraka. Nenda kaangalie wali wako huko."

Nilikwenda jikoni. Nikasikia sauti, si ya kilio, ni kama mtu aliyepaliwa. Niliporudi ndani, mjomba alikuwa amepiga goti juu ya bega la mama, anazungusha kitufe kama anakaza nati ya baiskeli. Kilikuwa kimefika mwisho. Vidole vya mama vilikuwa vimenyooka kama ubao, na kanga aliyokalia ilikuwa imelowa mkojo.

"Mjomba, unamvunja!"

"Namvunja nini? Si huo umenyooka! Wewe umeubembeleza tangu mvua za kwanza, mimi umenitii mara moja."

Nilipeleka mkono kwenye kitufe, akanipiga kofi mkononi. Yeye na wanawake wa shughuli wakamfunika mama kanga mpya juu ya ile iliyolowa, wakamtoa uani na kifaa mkononi kimefichwa kwa kitenge. Mkono ukachovywa kwenye unga, ukawekwa kichwani kwa mwanangu. Vigelegele. Mimi nilikuwa naangalia kucha zake, zimegeuka rangi ya zambarau.

Nilipomfungua, mkono ulirudi kifuani kwa kishindo. Jioni ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko. Uvimbe umeshuka sasa, lakini ngumi imefunga kuliko mwanzo, na nikigusa kidole tu mama anageuzia uso ukutani. Harufu imerudi.

Na kifaa sinacho. Mjomba aliondoka nacho siku ileile. Nilidhani amekificha kwa aibu, mpaka alipokuja mama mmoja wa kijiji cha pili, kashika jogoo.

"Shikamoo. Nimemfuata mzee anayenyoosha mikono. Baba yangu naye amepooza."

Anazunguka nacho. Anawafunga watu wazima wasioweza kusema, anakaza mpaka mwisho, anaonyesha mkono ulionyooka, anachukua kuku, anaondoka kabla haujavimba. Juzi alikuja kwetu na firigisi kwenye kibakuli.

"Dada, kula. Hii imetokana na mkono wako."

Akamtia mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe.

Nimemwomba kifaa akasema ni mali ya ukoo. Nimewaambia wakubwa wenzake, wakasema mjomba hashtakiwi na mpwa, nani atasimama siku binti yangu anaolewa? Nataka kwenda Masasi kumweleza yule dada wa mazoezi kila kitu, kisha niende kwa mtendaji wa kijiji. Mama hataki. Nikilitaja ananishika kwa mkono mzima na kusema, "Mwa... che. Ka... ka."

Lakini kila akisikia kikohozi cha mjomba uani, mama anausukuma ule mkono mbovu chini ya kanga na kuukalia, autoe machoni. Ndipo anamwamkia shikamoo, bila kukwama hata herufi moja.

Nimfuate mama kwa anachosema, au kwa anachofanya akisikia kile kikohozi? Mliouguza wazazi katika koo za mjomba, nijibuni. Nani kati yenu alishawahi kumshtaki, na mama yake alimtazamaje baada ya hapo?