Makoti Yasiyo na Suruali

Wageni walipoamriwa warudi kwao, Fundi Koti alishangilia. Jirani yake, mgeni aliyeshona suruali tu, akafunga kibanda akaondoka.

"Sasa wateja wote wetu," Fundi akamwambia mkewe.

Kumbe wateja walifuata suruali za jirani, ndipo wakavuka kwa Fundi kushonewa koti la kufanana nazo. Sasa suti nzima waliishonesha mtaa wa pili, naye akabaki kutundika makoti yasiyonunuliwa.

"Si ushone suruali mwenyewe, baba watoto?"

"Nilishona. Mdogo wangu kaivaa, mpaka leo hawezi kukaa."

Serikali ilipolegeza amri, Fundi alimpokea jirani stendi, akambebea mizigo yote.

"Kumbe ulinikumbuka?"

"Tembea upesi, ndugu yangu. Nina makoti tele yanasubiri miguu."